Vijiti vya Waridi Nilivyoviua Mwenyewe

Jumamosi, mwezi wa kumi. Saa tisa mchana, joto la kukera.

Jua la leo limekaa juu ya mabati tangu asubuhi na halionyeshi dalili ya kuondoka. Mawingu yanakusanyika, watu wanatoka nje kuyaangalia, yanatawanyika. Mvua ya kwanza bado. Nimekaa barazani na telefone mkononi, shati limenigandia mgongoni, na ninaandika kitu ambacho nimekikimbia kwa siku kumi nzima.

Nimemsingizia mama bukwe.

Mama bukwe, yaani mama mzazi wa mke wangu Odile. Nilimsingizia kwamba ameharibu vijiti vya waridi alivyonikabidhi, nikasema hivyo wageni wakisikia, na aliyeviharibu ni mimi. Begi lake limefungwa. Alikuwa aondoke kesho alfajiri kurudi Kilwa, na lile neno langu likiwa bado limemkalia. Habari yenyewe ndiyo hiyo. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye biro, yaani ofisi, yake mjini na tai tatu, alivyojidhalilisha kwa sababu ya kiburi tu.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa jambo moja: kuotesha vijiti. Bouture, kama tunavyoviita hapa, ndiyo mapenzi yangu. Nikipita mahali nikaona bugenvilea ya rangi nisiyo nayo, mkono unaniwasha. Pale bironi wameniita Papa Bouture, nami najifanya jina linaniudhi, kumbe nalipenda kuliko lile la ubatizo. Kila kijiti nilichochomeka kilikubali. Au ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia. Vilivyokufa sikuwahi kuvipiga picha.

Odile naye akanisifia kwao. Mume wangu, akasema, hata ukimpa mpini wa jembe ataotesha. Sifa zikasafiri hadi Kilwa, huko kwenye ziwa Mweru, zikamfikia mama yake.

Mama alikuja mwanzoni mwa mwezi wa tisa kwa ajili ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na utando. Wakamfanyia operesheni, sasa anaona vizuri. Kutoka Kilwa alitumia siku mbili na nusu kwenye lori, na wanaoijua ile barabara wananielewa. Alishuka amejaa vumbi hadi kwenye kope. Mkono mmoja ameshika mfuko wa samaki wa chumvi, maana hiyo ndiyo biashara yake tangu ujana. Mkono wa pili ameshika kitambaa kilicholowa maji, amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na vijiti vinane vya waridi jeupe.

Waridi hilo alilipanda marehemu baba bukwe mbele ya nyumba yao, mwaka aliozaliwa Odile. Baba alipofariki, matanga hayajapoa, ndugu zake wakachukua lupango lote, yaani kiwanja, nyumba na kila kilichosimama juu ya ile ardhi, na mama akaenda kukaa kwa dada yake. Mwaka huu wale ndugu wameamua kujenga duka pale mbele. Siku mama alipokwenda kuwaomba kijiti kimoja cha ukumbusho, alikuta waridi limekwisha kung'olewa, limelala kwenye takataka, majani bado mabichi. Akaazima kisu kwa fundi. Akakata vijiti vinane, vile alivyoona bado vina uhai. Njiani, kila lori liliposimama, alikuwa akiomba maji kidogo ya kulowesha kitambaa.

Aliniletea mimi. Hakunipa mkononi, kwa sababu mkwe na mkwe hawapeani kitu mkononi. Aliviweka juu ya meza ndogo, akarudi nyuma, mimi nikasogea nikavichukua. Akamwambia Odile amwambie mume wake kwamba vilivyobaki ni hivyo tu.

Niwaeleze wale wasiojua. Wazazi wangu walitoka Kasai. Mimi nimezaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini mambo ya bukwe sikuyaacha. Sili mbele ya mama bukwe. Simtazami usoni. Jina lake silitaji, na hapa pia sitaliandika. Tukikutana kwenye korido mmoja wetu anarudi alikotoka. Nikiwa na neno, nampa Odile, Odile anampa yeye. Hiyo ni heshima, tena heshima kubwa, na kwao pia wanaijua. Tumeishi hivyo miaka kumi na saba bila neno baya hata moja kati yetu.

Sasa nije kwenye kosa.

Jioni ile ile nilivikata upya kwa chini, mkato wa mshazari, kidole kimoja chini ya kifundo. Majani ya chini nikayatoa, ya juu nikabakiza mawili. Hadi hapo mtu yeyote anayejua kazi hii angenipa mkono. Kilichoniharibia ni tamaa ya picha.

Nina rafiki anayechonga malakiti, lile jiwe la kijani tunalowauzia wageni: mayai ya kupamba meza, vibweta, visahani vya majivu ya sigara. Alinipa mfuko wa vipande vidogo vilivyobaki chini ya msumeno wake, na unga wake humo humo. Nikachukua bokali nne, yale makopo ya glasi ya mayonezi, nikamimina mawe karibu nusu, nikasimamisha vijiti viwili viwili katikati ya mawe, nikajaza maji. Mawe sikuyasuuza hata mara moja. Yalivishika vijiti wima kabisa. Asubuhi jua lilipopita dirishani, ile kijani ikamwagika ukutani, nikasema mwenyewe, weye Papa Bouture, leo umepita kiasi. Nikapiga picha kumi na moja. Nikaweka moja hapa. Mliipenda kuliko chochote nilichowahi kuandika, na wengi mkasema mtafanya vile vile.

Ile picha nimeifuta leo asubuhi.

Wiki ya kwanza vijiti vitatu vilitoa vichipukizi, vidogo, vyekundu. Nikatangaza nyumba nzima. Kijiti cha waridi, nilipaswa kujua, kinaweza kuchipua kwa nguvu iliyomo ndani yake, bila mzizi, kinakudanganya siku kumi halafu kinalala. Wiki ya pili ncha za chini zikaanza kuwa nyeusi. Mzizi, hakuna. Na nilikuwa nikiangalia sana, kila nikitoka kazini nikivichomoa kimoja kimoja, nikivigeuza kwenye mwanga, nikivirudisha. Mimi niliyewaandikia humu kwamba kijiti kinachochomolewa kila siku hakioti.

Mama kwa upande wake alikuwa na kazi aliyojipa bila kuombwa. Kila asubuhi kabla sijaamka alimwaga maji ya jana na kutia mapya. Alimwambia Odile kwamba rangi ya yale maji haimpendezi. Odile akanifikishia. Nikajibu kwamba mawe yanatoa virutubisho, mama aache maji yatulie. Neno hilo la virutubisho nililitoa wapi, Mungu ndiye anajua.

Leo naelewa kwamba maji yake mapya ndiyo yaliyovipa vile vijiti siku chache za ziada.

Vilipokufa vitano, ikafika Jumapili. Wageni wangu walikuwa yaya Tshibangu, kaka yangu mkubwa, na mke wake, pamoja na jirani yetu Papa Mwamba. Sisi wanaume tulikuwa sebuleni na bukari letu, ugali wa hapa. Wanawake walikuwa jikoni, mama bukwe akiwa nao, na mlango kati yetu uko wazi kwa sababu ya joto. Yaya akaona bokali dirishani, akacheka. Akauliza, ni hizi ndizo zilizotangazwa?

Ningeweza kusema sijui kimetokea nini. Maneno matatu tu.

Badala yake nikamjibu yaya, lakini sauti niliielekeza jikoni. Mnaijua hiyo namna ya kusema. Unamtazama mtu huyu ili neno lifike kwa yule. Nikasema: "Yaya, maua haina na kosa. Mikono ikishinda mu samaki ya chumvi miaka makumi tatu, ikigusa maji kila asubuhi, unafikiri nini itaota?"

Papa Mwamba alicheka kidogo, akaacha. Kule jikoni vijiko vikanyamaza.

Na yeye angejibu vipi? Mama bukwe hawezi kutoka jikoni akasimama mbele ya mkwe wake kujitetea. Ile ile heshima tuliyoitunza miaka kumi na saba, nilijificha ndani yake nikamtupia jiwe, nikijua haliwezi kurudi. Nilijua. Msinisaidie kwa kusema sikujua.

Nikasikia maji yakimwagika kwenye beseni jikoni, kwa muda mrefu. Odile aliniambia baadaye kwamba mama alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena kwa limau, akanawa tena. Kisha akaenda kulala bila kula.

Tangu siku hiyo hakugusa kitu cha nyumba hii. Alimtuma mtu sokoni amnunulie sufuria ndogo yake mwenyewe, na kikombe. Akawa anapika chai yake nyuma ya nyumba kwenye mbabula, jiko la makaa. Mboga hachambui, unga hapepeti. Binti yetu Ketsia, ana miaka tisa, alikuwa akisukwa nywele na nkambo wake, yaani bibi yake, kila Jumamosi. Jumamosi iliyofuata akaenda na kitana chake akakaa chini kama kawaida. Akarudi nywele zimesimama ovyo. Akaniambia nkambo amekataa, amesema mikono yake iko na chumvi, itaharibu nywele.

Mtoto aliniuliza kama chumvi inaharibu nywele kweli.

Nikamwambia aende acheze.

Na bado sikutubu! Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Badala ya kutubu nilitafuta ushahidi. Nilitaka kitu cha kumwonyesha Odile, ambaye alikuwa amepunguza kuongea nami, ili aone kwamba nilisema kweli. Basi nikakata vikonyo vya matembele. Matembele, majani ya viazi vitamu, kila mtu anajua yanatoa mizizi hata ukiyasahau kwenye ndoo. Nikaandaa glasi mbili. Ya kwanza niliiandaa kitaalamu: maji safi ya bomba, na mawe yangu ya malakiti chini, nikaiweka dirishani. Ya pili, naona haya hata kuandika, niliichota kwenye beseni ambamo mama alikuwa amenawa mikono baada ya kupanga samaki wake. Nilichungulia kwanza kama kuna mtu. Baba wa familia, na glasi, ninanyatia maji machafu ya mama bukwe. Nikaificha nyuma ya tangi la maji na kusubiri ioze.

Siku ya tano nikaenda kuangalia.

Ile ya nyuma ya tangi ilikuwa imejaa mizizi. Myeupe, mirefu kama kidole, inang'ang'ania glasi. Ile ya dirishani, ya mtaalamu, ilikuwa nyeusi chini na majani yameinama.

Halafu, kwa vile moyo mgumu hauvunjiki mara moja, nikachukua vipande vitatu vya malakiti na unga kidogo nikavitia kwenye ile glasi yenye mizizi. Siku ya tatu mizizi ilikuwa kahawia na imelegea.

Shaba. Malakiti ni shaba. Mimi ni mtoto wa mji uliojengwa juu ya shaba, baba yangu amezeeka akiichimba. Nimepita njia ya Kinsevere mara ngapi, nikaona vile vilima ambako miti inakomea pembeni na juu kunabaki nyasi fupi na vimaua vidogo tu. Tangu shule ya msingi tulifundishwa: penye kilima cha namna hiyo, chini kuna shaba, ndiyo maana mti haukubali. Nikaichukua hiyo shaba na unga wake, nikaiweka chini ya waridi la mwisho la marehemu, kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Hiyo ilikuwa siku kumi zilizopita. Siku kumi nimejua na kunyamaza.

Nilimwaga glasi zote mbili ili asizione mtu. Mawe yote, na yale ya kwenye bokali, nikayarudisha mfukoni. Alhamisi nikapita dukani nikanunua kitenge kizuri, cha nta, nikampa Odile ampelekee mama. Odile akauliza cha nini. Nikasema cha heshima. Alinitazama, akakipeleka. Mama alishukuru, akakiweka juu ya kitanda kama kilivyokunjwa. Kiko hapo hapo mpaka leo. Nilitaka kitambaa kiseme kwa niaba yangu, nami niendelee kuitwa Papa Bouture.

Kuna jingine, na hili linawahusu ninyi. Wiki hii dada mmoja wa Likasi aliniandikia kwamba vijiti vyake navyo vimekuwa vyeusi, na mawe ameyaweka kama kwenye picha yangu. Nilikuwa nimekwisha kujua sababu. Nikamjibu: angalia nani anagusa maji yako. Akaandika kwamba anayeingia jikoni ni wifi yake tu, na kwamba atamwambia.

Dada wa Likasi, wifi yako hana kosa. Ni mawe, na ni mimi niliyekuonyesha mawe. Kama umekwisha kumsema, nenda ukamwombe msamaha leo, usifanye kama nilivyofanya mimi.

Leo asubuhi Odile alinitangazia kwamba mama amepata nafasi kwenye lori la kesho alfajiri. Daktari amemruhusu tangu wiki iliyopita, hana tena sababu ya kukaa. Odile alikuwa akiongea huku anakunja nguo, hakunitazama. Kisha akatoka na Ketsia kwenda sokoni kununua vitu vya safari.

Nilibaki peke yangu na yeye kwenye lupango. Kwa desturi ningetoka nikakae kwa Papa Mwamba hadi Odile arudi. Nilifika hadi getini. Nikarudi.

Alikuwa nyuma ya nyumba akikoka moto wa chai yake, ile sufuria ndogo pembeni. Nikasimama kwenye kona ya ukuta, ubavu, macho kwenye tangi la maji. Nikasema: "Mama, ile maua niliua miye. Ni mawe yangu. Mikono yako haina na kosa hata kidogo."

Nilisikia akipuliza makaa. Nilidhani labda ataniambia nimesamehewa, au atalia, na kwa vyovyote itakuwa imekwisha. Ndivyo nilivyokuwa nimejipangia: dakika mbili, nyuma ya nyumba, na imekwisha.

Akasema, sauti ya kawaida kabisa: "Baba Ketsia, ulisemaka ile maneno bantu bote banasikia. Leo unanirudishia jina yangu nyuma ya nyumba, miye na weye tu? Bale bantu banajua ile ya kwanza."

Alisema bila hasira, na ningependelea hasira.

Nikamwomba asiondoke kesho alfajiri. Nikasema nitawaita wote wale wale, kesho baada ya misa, na nitasema. Akamimina chai yake kwenye kile kikombe. Akasema lori jingine liko Jumatatu.

Odile aliporudi nilimweleza yote, mawe, glasi, beseni, yote. Nilitegemea kelele. Aliuliza swali moja tu, vijiti vimebaki vingapi. Nikasema kimoja. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Lile waridi lilikuwa na umri wake, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo wiki hizi zote nikishughulikia heshima yangu.

Kijiti hicho kimoja nimekishughulikia mchana huu, na nawaandikia nilivyofanya, maana ni deni langu kwenu. Nimekata sehemu yote nyeusi hadi nilipokuta kijani kibichi. Kimebaki kifupi, vifundo vitatu tu. Nimechukua mchanga wa mto, nikauosha mara nne hadi maji yakatoka meupe, nikaumwagia maji ya moto kuua uozo, nikauacha upoe. Nimeutia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Nimetoboa shimo kwa penseli kwanza, sikukisukuma kwa nguvu, nikazika vifundo viwili na kubakiza kimoja juu. Nimekifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko kimelegezwa ipite hewa. Kiko kivulini, penye mwanga lakini jua halikigusi. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope. Sitakichomoa. Nikitaka kujua kama kina mizizi nitangoja majani mapya, tena nitangoja yakomae, wiki sita, wiki nane.

Kitaota? Sijui. Kimekaa na sumu mwezi mzima. Kama mtu mwingine angeniandikia habari hii ningemwambia asitegemee.

Saa nane nilianza kupiga simu. Papa Mwamba alikubali mara moja, akauliza kama kutakuwa na samaki. Yaya Tshibangu alitaka kujua ni sherehe gani. Nikamwambia kuna neno nilisema vibaya nyumbani kwangu nikitumia jina lake kama ngao, nataka aje asikie nikilirudisha. Alielewa upesi. Akashusha sauti, akasema mambo ya bukwe hayaendi hivyo, mkwe hasimami mwenyewe, yeye kama mkubwa ndiye atakayenisemea, tutaleta mbuzi, tutamaliza kwa utaratibu, nami nitabaki nimekaa kichwa chini. Alisema nikisimama mwenyewe nitaiaibisha familia yote.

Kusema kweli, nilitamani. Ni desturi, ni halali, hakuna ambaye angenilaumu. Yaya anajua kuongea, angeyapaka maneno mafuta hadi kosa lenyewe lionekane kama bahati mbaya.

Nikamwambia mbuzi alete, lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu.

Sasa ninajaribu maneno hapa barazani. Kila nikianza, najikuta naeleza habari za shaba, jinsi inavyoingia majini, jinsi hata mtaalamu angeweza kukosea. Nafuta. Naanza tena, najikuta nasema joto, nasema uchovu wa kazi. Nafuta. Maneno yanayobaki nikifuta yote ni machache sana, na ndiyo mazito: nilimsingizia, nilijua, nikanyamaza.

Nimefikiri pia kwamba huenda kuandika hapa kunatosha. Ninyi mnaosoma ni wengi kuliko waliokuwa sebuleni siku ile. Lakini mama bukwe hasomi ukurasa huu, wala yaya, wala Papa Mwamba. Kukiri mbele yenu ni rahisi, hamtakuwepo mezani.

Odile ametoka chumbani sasa hivi, macho mekundu. Ameniuliza kesho nitasimama wapi, sebuleni au kwenye mlango wa jikoni. Nimesema mlangoni, pale ambapo pande zote mbili zinasikia. Ameitikia kwa kichwa, akaenda kuloweka maharage.

Je, sauti itatoka? Siku ile ilitoka bila shida yoyote, tena kwa nguvu.

Mama amekubali kungoja hadi kesho tukimaliza kula. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu, nami sikuthubutu kuomba.